Sikio Kwanza, Jina Baadaye: Namna ya Kujifunza Tamathali za Usemi

Mwombe mwanafunzi wa sekondari akuambie tashbihi ni nini. Hatakosea: ni kulinganisha vitu viwili kwa kutumia maneno kama vile "kama", "mithili ya" au "mfano wa". Mwambie akupe mfano, naye atakujibu bila kusita kwamba Juma ni mrefu kama twiga. Hadi hapo amepata alama zote. Sasa muulize kwa nini msemaji amemchagua twiga akauacha mnazi, mlingoti wa bendera au mnara wa simu, na mwanafunzi yuleyule atanyamaza jii. Jina analijua, lakini kazi ya kitu chenyewe hajawahi kuiona.

Naamini tatizo liko katika mpangilio wa somo. Vitabu vingi huanza na orodha: jina, maana, mfano mmoja, kisha jina linalofuata. Bibi anayesema "njaa imenibishia hodi tangu alfajiri" hakupitia orodha hiyo. Alisikia watu wakisema, akaonja ladha ya usemi, akajua lini unafaa na lini haufai. Mwongozo huu unafuata njia ya bibi. Utasikia, utapasua, utapanga, halafu ndipo utataja majina. Baada ya hapo utatunga ya kwako.

Unachohitaji ni daftari dogo la kuingia mfukoni, redio, kitabu kimoja cha fasihi ya Kiswahili, na mtu mzima mmoja anayeipenda lugha na asiyechoka kuulizwa.

Hatua ya kwanza: kusanya kwa sikio

Kwa wiki mbili za mwanzo usitaje jina lolote la tamathali. Kazi yako ni kunasa maneno. Nenda mahali ambapo watu huzungumza wakiwa na haja: stendi ya mabasi, sokoni, harusini, msibani, kwenye mahubiri. Msikilize mtangazaji wa mpira redioni. Yeye hana picha, kwa hiyo lazima aichore kwa maneno: mpira umebusu mwamba, beki amelala usingizi, mlinda mlango amekwenda kuokota mpira wavuni. Mama ntilie akikuambia kwamba leo biashara imelala, andika. Konda akimwambia abiria "sogea, gari halijai", andika pia.

Andika sentensi nzima, kisha ongeza mambo matatu: nani kasema, kamwambia nani, na palikuwa na nini. Wengi huruka sehemu hii kwa sababu inachosha. Usiiruke. Sentensi "leo umewahi kweli" ni sifa ikiambiwa aliyefika saa moja kamili asubuhi, na ni lawama kali ikiambiwa aliyefika saa nne. Maneno ni yaleyale. Usipoandika mazingira, baada ya wiki moja utaisoma sentensi hiyo katika daftari lako na hutajua tena ilikuwa inafanya nini.

Kanga ni mwalimu mwingine mzuri wa jambo hili. Jina la kanga, yaani yale maandishi yaliyochapishwa juu yake, huwa na maana moja likiwa dukani na nyingine likivaliwa. Kanga yenye methali kuhusu mahasidi, mtoto akimpelekea mama yake, ni zawadi na ulinzi. Kanga hiyohiyo mwanamke akijifunga na kupita mbele ya jirani aliyegombana naye jana, ni jibu la ugomvi, tena jibu ambalo jirani hawezi kulishtaki kwa mtu. Taarabu ya Unguja, tangu enzi za mwimbaji Siti binti Saad, imejengwa juu ya uwezo huo wa kusema bila kutaja.

Hatua ya pili: pasua kila usemi

Chukua usemi mmoja kutoka daftarini na uulize maswali matatu. Kinachozungumziwa hasa ni nini? Kimeletewa kitu gani cha kukifananisha nacho? Vitu hivyo viwili vinakutana wapi?

Njia rahisi ya kuzoea maswali haya ni kitendawili, maana kitendawili ni sitiari iliyofichwa nusu. "Nyumba yangu haina mlango." Kilichotajwa ni nyumba. Kinachozungumziwa kimefichwa, nacho ni yai. Vinakutana katika mambo mawili: vyote vina kuta zinazomzunguka aliye ndani, na vyote vinakaliwa. Lakini kitendawili kimekwenda mbele zaidi kwa kutaja mahali ambapo viwili hivyo vinaachana, yaani mlango, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Fanya hivyo na "kuku wangu katagia miibani", ambacho jibu lake ni nanasi. Kisha tega chako mwenyewe kwa kitu cha leo. Mfano: mgeni wangu hula ukutani. Jibu ni simu inayochajiwa. Ukiweza kutega vitendawili vitano ambavyo watoto wa nyumbani wanavifumbua kwa shida kidogo, umeielewa sitiari kuliko aliyekariri maana yake.

Swali la tatu, la mahali vitu vinapokutana, ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote. Mtu akisema "mwalimu wetu ni simba", simba ana mambo mengi: nguvu, ukali, mngurumo, uvivu wa mchana, harufu. Msemaji amechukua lipi akaacha yapi? Kama huwezi kujibu, ama hujamwelewa msemaji, ama msemaji mwenyewe hakujua anachokisema. Uwezekano huo wa pili hutokea mara nyingi kuliko tunavyodhani, hata katika vitabu vilivyochapishwa.

Hatua ya tatu: panga kwa kazi

Sasa daftari limejaa. Usipange kwa alfabeti wala kwa mpangilio wa kitabu cha shule. Panga kwa kazi inayofanywa na usemi. Mimi naona makundi matano yanatosha kwa kuanzia. Majina nayataja ili tuelewane tu; usiyakariri bado.

Kundi la kwanza ni semi zinazolinganisha. Tashbihi inakiri waziwazi kwamba inalinganisha, na alama zake ni kama, mithili ya, mfano wa, sawa na, utadhani, kana kwamba, na katika ushairi wa zamani, ja. Lakini jihadhari na "kama", kwa sababu neno hilo lina kazi nyingi. Pima sentensi hizi. Asha ni mrefu kama dada yake. Kama mvua itanyesha, hatusafiri. Alifanya kazi kama dereva. Asha alisimama mlangoni kama nguzo. Ni ya mwisho tu iliyo tashbihi. Ya kwanza inapima urefu wa watu wawili, ya pili inatoa sharti, na ya tatu inataja kazi. Tashbihi huhitaji vitu viwili vya aina tofauti, vikutanishwe kwa sifa moja.

Sitiari haikiri. Inasema kitu kimoja ndicho kingine: mama huyu ni chuma. Anayesema "kama" humwachia msikilizaji nafasi ya kupinga. Anayetumia sitiari humfungia mlango. Ndiyo maana sitiari ni silaha ya hotuba za siasa na mahubiri, na ndiyo maana inafaa uisikilize kwa makini zaidi. Tena haiji na "ni" peke yake. Mara nyingi hujificha ndani ya kitenzi. Bei zimepaa. Kikao kimevunjika. Siri imevuja. Waandishi wa habari huandika hivyo kila siku bila kukumbuka kwamba bei haina mabawa. Angalia pia tunavyokula vitu visivyoliwa: tunakula kiapo, tunakula njama, tunakula hasara, na mzee aliyeishi miaka mingi amekula chumvi nyingi. Sitiari za aina hii zimezoeleka hata zimekufa ganzi, lakini mwandishi hodari huweza kuziamsha. Ukiandika kwamba siri ilivuja hadi ikalowesha nyumba nzima, picha iliyolala inaamka.

Tashihisi hukipa kitu kisicho na uhai tabia za binadamu. Hapa Kiswahili kina hazina ambayo vitabu vingi huitaja kidogo sana, nayo ni ngeli. Ukisema "jua lilitukasirikia", umelipa jua hasira lakini umeliacha katika ngeli yake. Ukisema "Jua alitukasirikia", umelihamisha kabisa na kulitia katika ngeli ya watu. Sasa ni mhusika. Wasimuliaji wa ngano wanalijua hili: Njaa akaingia, Kifo akabisha hodi, Kisima akajibu. Kiambishi kimoja tu kimebadilika, na ulimwengu wa hadithi umebadilika nacho. Jaribu katika daftari lako kwa kuandika sentensi ileile mara mbili, moja kwa ngeli ya kitu na nyingine kwa ngeli ya mtu, kisha isome kwa sauti. Utasikia mwenyewe lini mabadiliko hayo yanastahili na lini yanaonekana ya kulazimisha.

Kundi la pili ni semi zinazopandisha na zinazoshusha. Chuku hupandisha. Kanuni yangu kwa wanaojifunza ni kwamba chuku lazima isiwezekane. Ukisema ulisubiri basi kwa saa tatu ilhali ulisubiri dakika arubaini, huo ni uongo, maana msikilizaji anaweza kuamini. Ukisema ulisubiri hadi ukaota mvi, hakuna atakayedanganyika, na uchovu wako umefika. Hapa pia ngeli zinasaidia. Ukubwa na udogo wa nomino ni njia ya haraka ya kutoa hukumu: mtu, jitu, kijitu; mbwa, jibwa, kijibwa; nyumba, jumba, kijumba. Anayemwita mwenzake "kijitu kile" hakupima kimo chake. Ametamka dharau, na hakuhitaji kivumishi hata kimoja.

Tafsida hushusha, na ninaomba ukae nayo muda mrefu kuliko nyingine, kwa sababu inagusa heshima ya watu. Watu wa pwani na wa bara, Waislamu na Wakristo, hawasemi kwa urahisi kwamba mtu amekufa. Amefariki dunia, ametutoka, ametangulia mbele ya haki, amelala katika Bwana. Mwanamke ni mjamzito, kisha amejifungua. Mgeni huomba kwenda msalani. Mtoto anayekua bila kujifunza semi hizi atamuumiza mfiwa bila kukusudia. Kwa hiyo andika kila tafsida unayoisikia, na pembeni andika umri na uhusiano wa waliozungumza, kwa kuwa inayofaa mbele ya shangazi si lazima ifae kwa rafiki.

Lakini tafsida ina upande wa pili. Rushwa huitwa chai, au kitu kidogo, au ya maji. Kufukuza watu kazini huitwa kupunguza wafanyakazi. Kupandisha nauli huitwa kurekebisha nauli. Hapo maneno laini hayamlindi aliyeumia, yanamlinda aliyeumiza. Kila unapokutana na tafsida uliza swali moja: ni nani anayefaidika na ulaini huu? Ukimpata, utakuwa umeisoma habari kwa kina ambacho mwandishi wake huenda hakukitaka.

Kundi la tatu ni semi zinazosema kinyume cha maana yake: kinaya, na kejeli inayotumia kinaya ili kuuma. Katika mazungumzo sauti hukusaidia. Katika maandishi hakuna sauti, kwa hiyo tafuta mahali ambapo maneno na matukio hayaelewani. Mwandishi akimwita mhusika "mheshimiwa sana" katika ukurasa uleule anapomwonyesha akiiba dawa za hospitali, ameshakuambia la kufanya na sifa hiyo.

Kundi la nne ni semi zinazobadilisha jina. Tunasema "Ikulu imekanusha" tukimaanisha watu waliomo. Jembe na nyundo katika bendera ya Chama Cha Mapinduzi husimama kwa niaba ya mkulima na mfanyakazi. Kundi hili halisumbui sana. Ukizoea kuuliza "ni nani hasa aliyefanya?", utaliona kila mahali katika magazeti.

Kundi la tano ni sauti na mpangilio, nalo lina utajiri mkubwa. Anza na tanakali za sauti, lakini usizikariri peke yake. Zikariri zikiwa na kitenzi au kivumishi chake, kwa kuwa hazitengani: kuanguka majini chubwi, kuanguka mchangani tifu, kulala fofofo, kulowa chepechepe, nyeupe pepepe, nyeusi tititi, giza totoro. Tanakali iliyowekwa mahali pasipo pake hujulikana mara moja kwa mzaliwa wa lugha, kuliko hata kosa la sarufi.

Kisha sikiliza takriri na maswali ya balagha katika hotuba. Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa mwanzoni mwa Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera, alitaja mambo matatu, uwezo, sababu na nia, na kila moja akalifungia kwa kitenzi kilekile kwamba tunalo. Tafuta sauti ya hotuba hiyo uisikilize. Ukiyaondoa marudio na kusema tu kwamba nchi ina uwezo, sababu na nia, habari ni ileile lakini msisitizo umekufa. Marudio ndiyo yanayomfanya msikilizaji alitarajie neno la tatu kabla ya kulisikia. Mwalimu huyohuyo, mwaka 1959, akizungumza katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, alitumia taswira ya mwenge uliowekwa juu ya Kilimanjaro ili umulike nje ya mipaka. Usiku wa kuamkia uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda akaupandisha mwenge wa kweli hadi kileleni. Sijui mfano mwingine katika historia yetu ambapo sitiari ilipandishwa mlimani kwa miguu.

Swali la balagha huulizwa bila kutaka jibu, lakini si kila swali lisilojibiwa ni balagha. Kipimo chake ni hiki: je, jibu tayari limo vinywani mwa wasikilizaji? Mhubiri akiuliza "nani kati yenu amewahi kuzikwa na mali yake?", hakuna atakayenyoosha mkono, na ukimya huo ndio jibu alilolitaka.

Hatua ya nne: sasa jifunze majina

Ukifika hapa, majina yatakaa kichwani kwa muda mfupi tu, kwa kuwa kila moja lina mifano yako ya kulibeba. Utakutana na tofauti kati ya vitabu vya Kenya na vya Tanzania, na hata kati ya waandishi wa nchi moja. Chuku kwingine huitwa mubalagha. Tashbihi huandikwa pia tashibiha. Tashihisi huitwa uhuishaji au uhaishaji. Kinachoitwa kinaya na mwalimu mmoja, mwingine hukiweka chini ya kejeli. Neno taashira kwa wengine ni ishara kwa jumla, kwa wengine ni kutaja sehemu au alama badala ya kitu kizima. Usipoteze usingizi. Tumia majina ya mtaala wako, na andika jina la pili kwa penseli pembeni ili usibabaike ukikutana nalo.

Kwa anayejiandaa kwa mtihani, jibu kamili lina sehemu tatu: taja tamathali, nukuu au eleza mahali ilipotumika, kisha sema imefanya kazi gani hapo. Wengi huishia kwenye ya pili. Sehemu ya tatu ndiyo inayoonyesha kwamba umeelewa, na wewe tayari umeizoea tangu hatua ya tatu.

Hatua ya tano: fuata tamathali katika kitabu kizima

Sentensi moja haitoshi kukuonyesha nguvu ya lugha hii. Chagua kitabu. Shaaban Robert anafaa sana kwa kuanzia kwa sababu yeye huwapa wahusika majina yanayotangaza tabia zao, mbinu ambayo wengi huiita majazi. Katika Adili na Nduguze, ndugu wawili wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Katika Kusadikika, kilichotoka 1951, mshitaki ni Majivuno na mshitakiwa ni Karama, na kosa la Karama ni kufundisha sheria. Wajumbe wa nchi ya Kusadikika waliotumwa sehemu mbalimbali walirudi na mambo mema ya kuinufaisha nchi, na malipo yao yakawa adhabu.

Soma ukiwa na kalamu. Kila ukikutana na jina jipya, andika jina hilo lina maana gani, kisha angalia kama mhusika anatenda kulingana nalo au kinyume chake. Halafu jiulize swali kubwa zaidi: Kusadikika, nchi iliyo angani, yenye watawala wasiotaka watu wao wajue sheria, iliandikwa na Mtanganyika chini ya utawala wa Mwingereza. Je, nchi yenyewe si sitiari? Hapa utaona kwamba tamathali inaweza kuwa neno moja, na inaweza kuwa kitabu kizima.

Kitabu cha pili kiwe tamthilia. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969, inahusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani. Fuata neno "maji" tangu mwanzo hadi mwisho. Weka alama kila linapotajwa na uandike lina maana gani pale: dawa, imani, umoja, au udanganyifu. Utagundua kwamba ishara haikai na maana moja, inakua kadiri matukio yanavyokwenda. Zoezi hili moja litakufundisha kuhusu ishara kuliko maelezo yoyote.

Hatua ya sita: tunga

Anza na sentensi kavu: Mzee Salum alikuwa mkimya. Usikimbilie "kama". Kwanza jiulize Mzee Salum ni nani. Tuseme ni mvuvi wa Bagamoyo. Orodhesha vitu anavyovigusa kila siku: nyavu, tanga, kasia, nanga, kamba, mchanga, chumvi, maji kupwa na maji kujaa. Kati ya hivyo, kipi kimya kwa namna anavyokuwa kimya yeye?

Wengi wataandika "mkimya kama bahari", na watakuwa wamekosea, maana bahari hunguruma. Nanga inafaa zaidi. Imezama, haionekani, haisemi, lakini chombo kizima kinaitegemea. Kwa hiyo: Mzee Salum alikuwa mkimya kama nanga. Sasa ondoa "kama": katika nyumba ile ya makelele, Mzee Salum ndiye aliyekuwa nanga. Kisha ondoa hata jina la kitu, uache kitenzi na picha peke yake: watoto walipoanza kugombana, Mzee Salum alikuja akatia nanga katikati yao bila neno. Sentensi hizi tatu si daraja za ubora. Kila moja ina mahali pake. Ya kwanza inaeleza, ya pili inahukumu, ya tatu inasimulia. Fanya zoezi hili kwa mchuuzi wa samaki, mchuma kahawa, dereva wa bodaboda na muuguzi wa zamu ya usiku, na kila mara vitu vitoke katika maisha ya mhusika mwenyewe. Hapo ndipo utakapoachana na twiga.

Zoezi lingine ni la methali. Mwandishi mchanga hutaja methali nzima na kuieleza. Mzungumzaji hodari hutaja nusu. "Asiyesikia la mkuu..." anasema mama, akaendelea kuchambua mchele. Mtoto anajua lililobaki, na kwa kulimalizia mwenyewe kichwani anakuwa amejionya mwenyewe. Andika mazungumzo mafupi kati ya watu wawili, mmoja mkubwa kwa umri, na utumie nusu ya methali mara moja tu.

Hatua ya saba: punguza

Subiri siku mbili, kisha rudi kwenye ulichokiandika. Tafuta picha zinazogombana. "Serikali imetia nanga katika vita dhidi ya ufisadi ili mbegu za maendeleo zipae" ina chombo, vita, shamba na ndege katika pumzi moja, na msomaji hajui atazame wapi. Chagua picha moja uifuate: ama mbegu, na kama ni mbegu basi kuwe na udongo, palizi na mavuno, ama vita, na kama ni vita kuwe na adui na uwanja.

Mwisho, msomee yule mtu mzima uliyemchagua tangu mwanzo. Soma kwa sauti, usieleze chochote, na umtazame usoni. Akicheka au kutikisa kichwa mahali ulipokusudia, acha palivyo. Akikuuliza "hapo ulikuwa na maana gani?", usimjibu kwa hoja. Chukua kalamu, pigia mstari mahali hapo, na andika juu yake maneno makavu uliyotaka kuyasema. Ukiyasoma tena ukaona yanatosha, futa picha. Ukiona hayatoshi, rudi kwenye orodha ya vitu vya mhusika wako utafute kingine.